Dampo likipata barabara, mji nao unalifuata

Kila mji unaokua una stori yake ya taka, na ukizisikiliza zote zinafanana utadhani ni ndugu. Mwanzoni taka zinatupwa kwenye shimo, mara nyingi ni shimo lililoachwa baada ya watu kuchimba changarawe ya barabara, au ni korongo fulani huko pembeni ambako hakuna anayelima. Hakuna kikao kilichokaa kuchagua, dereva wa trekta aliona panafaa akamwaga, kesho yake akarudi, kesho kutwa na mwenzake akaja. Miaka kumi na tano mbele pale pana mlima, moshi hauishi, nyumba zimefika mpaka ukingoni na kelele zinaanza, hamisheni dampo! Wanaopiga kelele nao wanaulizwa, kwani nyie mlijenga lini, dampo si mlilikuta? Na kiukweli kila upande una hoja, ndo maana huo ubishi huwa hauishi.

Mimi naona swali lenyewe linaulizwa vibaya. Watu wanauliza "taka tupeleke wapi" kana kwamba kazi ni kutafuta eneo tupu kwenye ramani, likipatikana basi tumemaliza. Maeneo tupu yapo, mji unaokua umezungukwa na mapori na mashamba. Shughuli ipo kwenye kulifanya lile eneo LIBAKI tupu, miaka 20 ya kutupa na mingine 30 ya kulilinda baada ya kulifunga, huku mji unakuja mbio upande huohuo. Na mji ukija huko hauji kwa bahati mbaya, unaitwa na dampo lenyewe.

Hapa inabidi nifafanue maana wengi hawaamini. Lori la taka ni zito, halipiti kwenye tope, kwa hiyo ukishaamua dampo litakuwa sehemu fulani lazima uchonge barabara inayopitika hata masika. Alafu pale dampo panahitaji ofisi ndogo, mizani ya kupimia magari, pampu, sasa umeme utavutwa na maji yatafikishwa. Viwanja vya jirani bei iko chini kwa sababu hakuna anayetaka kukaa karibu na harufu, ila kwa mtu mwenye hela ndogo kiwanja chenye barabara, umeme na maji ni bahati ya mtende, harufu atavumilia. Waokota chupa na vyuma wanataka kulala karibu na kazi yao, wanunuzi wa chuma chakavu wanafungua yadi, mwenye genge anawafuata, na kufikia mwaka wa kumi watu wanadai shule. Kwa hiyo yule aliyepanga dampo kilomita 10 nje ya mji akidhani amewapa watu nafasi, kumbe amewajengea njia ya kulifuata.

Dampo la Koshe pale Addis Ababa, Ethiopia, ni mfano ambao ukiusikia hautoki kichwani. Lilianza kutumika miaka ya 1960 likiwa nje ya mji, mji ukatanuka ukalizunguka, watu wakajenga mpaka chini ya miteremko ya taka, na Machi 2017 upande mmoja ukaporomoka ukafukia nyumba, walikufa watu zaidi ya 110. Na sio Koshe peke yake, dampo la Payatas kule Manila, Ufilipino, lilishuka Julai 2000 baada ya mvua kubwa na kuua zaidi ya 200, Leuwigajah karibu na mji wa Bandung kule Indonesia nalo Februari 2005 zaidi ya 140. Ukiangalia unaona ni mchanganyiko uleule: mlima mrefu wenye miteremko mikali, maji ndani yake, na nyumba chini.

Sasa tupige hesabu kidogo, maana bila hesabu hii mada inakuwa ya kulaumiana tu.

Chukua mji wa watu laki mbili. Benki ya Dunia kwenye ripoti yake ya 2018 ilisema wastani wa dunia ni kilo 0.74 za taka kwa mtu kwa siku, ila huo wastani unaficha mengi, kuna nchi iko kwenye kilo 0.11 na kuna nyingine imepita kilo 4. Tuseme mji wetu ni nusu kilo. Hizo ni tani 100 kila siku inayoenda kwa Mungu, tani 36,500 kwa mwaka. Mji unakua asilimia 5 kwa mwaka, kitu cha kawaida kabisa kwa mji wenye afya, manake ndani ya miaka 14 umejidabo. Ukijumlisha miaka 20 unapata kama tani milioni 1.2, zikishindiliwa vizuri zinachukua mita za ujazo milioni 1.5, ongeza udongo wa kufunikia uko kwenye milioni 1.8. Ukizipanga kwa kimo cha wastani wa mita 10 unahitaji hekta 18, weka barabara za ndani, mabwawa ya maji machafu na yadi, hekta 25. Eneo la mita 500 kwa 500. Sio kubwa kihivyo eti?

Subiri. Unataka nyumba ya kwanza iwe angalau mita 500 kutoka kwenye uzio, kwa ajili ya harufu, inzi, vumbi na kelele za mitambo. Mita 500 kila upande inakupa mraba wa kilomita moja na nusu kwa moja na nusu, yaani hekta 225. Kwenye ramani dampo ni kile kisanduku kidogo cha katikati, ni sehemu moja tu kati ya tisa! Hizo nane zilizobaki ndo dampo halisi kwa maana ya mipango, na ndo zinazoliwa. Kwenye michoro huwa zinapakwa rangi ya kijani zinaandikwa eneo la kinga, hakuna fidia iliyolipwa, hati ni za watu walewale, alafu tunashangaa wanauza viwanja. Kama shamba ni la kwake na hujamlipa, kwa nini asiuze?

Tukirudi kwenye taka zenyewe, kuna kitu watu wanakiruka wakiongelea dampo, nacho ni maji. Fanya hivi, chukua ndoo kuukuu, itoboe matundu chini, jaza maganda, masalia ya chakula, majani na vikaratasi, funika, iweke juu ya beseni. Hujamwaga hata tone la maji. Baada ya siku nne tano angalia beseni, utakuta kimiminika cha rangi ya kahawia kinachonuka kuliko taka zenyewe. Sasa mwaga nusu lita ya maji juu yake ujifanye ni mvua, yatatoka mengine meusi zaidi. Ndoo yako ina kilo tano au sita, mji wetu unapeleka tani 100 kwa siku na nusu yake au zaidi ni vitu vya kuoza vilivyolowa, maana kwenye miji isiyo na kipato kikubwa taka za jikoni na sokoni ndo zinazoongoza.

Hayo maji ya dampo ni makali kuliko maji taka ya chooni, tena kwa mbali, dampo changa linaweza kutoa maji yenye uchafu wa kuoza mara kumi au zaidi ya yale ya kwenye mabomba ya majumbani, ukiongeza na amonia na madini yaliyotoka kwenye betri na makopo. Yakiingia ardhini yanashuka taratibu mpaka kwenye maji ya visima, na mwendo wake ndo unaoamua kama eneo lako linafaa au halifai. Kwenye mchanga yanakimbia. Kwenye mwamba wenye nyufa au chokaa yenye mapango yanakimbia na usijue yametokezea wapi. Kwenye udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa yanatambaa kama konokono mgonjwa. Sheria za Marekani za 1991 kwa mfano zinadai tabaka la mfinyanzi la sentimita 60 ambalo maji yakijipitia kwa uzito wake tu yanapita kama sentimita 3 kwa mwaka, na juu yake litandikwe turubai zito la plastiki, na juu ya turubai maji yasiruhusiwe kutuama zaidi ya sentimita 30, yafyonzwe na mabomba kwenda bwawani. Hilo la mwisho ndo watu wanalisahau. Wanatandika turubai, wanapiga picha za uzinduzi, pampu inakufa mwaka wa pili, maji yanajaa juu ya turubai na sasa umetengeneza beseni kubwa ambalo tundu moja tu likitokea mzigo wote unasukuma kwenda chini.

Na mvua nayo ina hesabu yake. Hekta moja ikinyeshewa milimita 1,000 kwa mwaka imepokea mita za ujazo 10,000. Ukiacha hekta zote 25 wazi unapambana na maji ya hekta 25. Ukifungua kipande kimoja cha hekta 2 tu, ukakijaza, ukakifunika ndo ukafungua kingine, maji yako ni ya hekta 2, mengine yanachepushwa kwa mitaro yakiwa bado safi. Kwangu mimi huu ndo ujanja wa bei nafuu kuliko yote kwenye hii biashara, hauhitaji mtambo wowote kutoka ng'ambo, unahitaji msimamizi mkali tu anayemwambia dereva "hapana, mwaga PALE".

Haya, eneo linachaguliwaje? Wataalamu wanaanza kwa kufuta, hawaanzi kwa kutafuta. Unachukua ramani unakata mabonde ya mafuriko, ardhi oevu, vyanzo vya maji, sehemu ambazo maji ya ardhini yako juu, mistari ya nyufa za matetemeko, miteremko mikali, chokaa yenye mapango, misitu ya hifadhi, makaburi. Unakata pia njia za ndege, maana ndege wa angani wanapenda dampo kama kitu gani sijui, na ndege wa kuruka na mbawa akikutana na ndege ya abiria wote wanaumia, hivyo Marekani wanataka kilomita 3 kutoka kwenye njia ya kurukia ndege za jeti na kwenye miongozo ya kimataifa utakutana na duara la kilomita 13. Kwa mji mdogo wenye uwanja wake wa ndege hilo duara peke yake linaweza kumeza nusu ya ramani. Vilivyobaki baada ya kukata ni viraka vinne vitano, ndo hivyo unavipa alama, unatoboa ardhi kuangalia udongo, unapima maji, unaangalia upepo unavuma kuelekea wapi usiku, maana harufu inatembea zaidi usiku hewa ikitulia.

Alafu wanasiasa wanakuja na kiraka cha sita ambacho hakikuwepo kwenye orodha kwa sababu "ni cha serikali hakina fidia". Hiki cha sita ndo kinachoshinda mara nyingi mno, nasema hivi kwa masikitiko. Ardhi ya umma ambayo haijagawiwa mpaka leo kwa kawaida kuna sababu haijagawiwa, ni bonde linalojaa maji au ni korongo.

Kitu kingine ni umbali, na hapa watu wanajidanganya wote, wanaotaka karibu na wanaotaka mbali. Tuchukue malori ya tani 5, mji wetu unahitaji trip 20 kwa siku. Dampo likiwa kilomita 10, lori likitembea wastani wa kilomita 25 kwa saa, kwenda na kurudi ni dakika 48, weka saa moja na nusu ya kujaza mitaani na robo saa ya kumwaga, lori moja linapiga trip tatu kwa siku ya kazi. Malori saba yanatosha. Lisogeze mpaka kilomita 30, safari tu inakula saa mbili na dakika 24, sasa lori linapiga trip mbili kwa kubanana, unahitaji malori kumi, na kilomita za kila siku zimetoka 400 hadi 1,200. Mafuta mara tatu! Bajeti ya mafuta haijaongezwa mara tatu, haijawahi. Kinachotokea ni kwamba mwezi wa kwanza wanaenda, mwezi wa pili wanaenda nusu, mwezi wa tatu madereva wanaanza kumwaga usiku kwenye daraja au kwenye shamba la mtu, na vizimba vya taka mitaani vinafurika. Kwa hiyo dampo zuri lililo mbali sana linazaa majalala ishirini madogo yasiyo na mwenyewe, ambayo hakuna mtu atayapima.

Dawa inayojulikana ni kituo cha kuhamishia, malori madogo na mikokoteni yanamwaga ndani ya mji kwenye jukwaa, lori moja kubwa la tani 15 au 20 linabeba kwenda mbali. Inafanya kazi, ila kituo chenyewe nacho kinahitaji eneo, na wakazi wa pale nao watasema hapana, na ukikiacha siku mbili bila lori kubwa kimekuwa dampo katikati ya mji. Sijui mji ambao umekwepa huu mtego kirahisi.

Nirudi Addis Ababa maana ile stori ina sehemu ya pili ambayo haisimuliwi sana. Kabla ya ile ajali mji ulikuwa umeshajenga dampo la kisasa Sendafa, nje kabisa, eneo la wakulima lililo kwenye utawala wa jimbo jingine. Likafunguliwa mapema 2016, wakulima wakalalamika na kuandamana, ndani ya miezi michache likasimamishwa. Taka zikarudishwa Koshe, kwenye mlima ambao ulishaanza kuachwa. Machi ya mwaka uliofuata ukaporomoka.

Kwa hiyo mchoro wa uhandisi ulikuwepo, dampo likajengwa na malori yakawa yanakwenda, kilichogoma ni watu ambao ardhi ilikuwa yao na uchafu haukuwa wao. Na ukijiweka kwenye viatu vya mkulima, mji ambao hata hupigi kura ndani yake unakuletea uchafu wake, kile ulicholipwa hakikununulii shamba jingine, kisima chako kiko chini ya mteremko, na hakuna aliyekuonyesha karatasi inayosema kisima kikiharibika nani atakuletea maji. Mikutano ya kushirikisha wananchi nayo tunaijua jinsi inavyofanyika, watu wanaitwa eneo likiwa limeshachaguliwa, wanaonyeshwa picha za majani mabichi, wanasaini karatasi ya mahudhurio alafu saini zao zinaambatanishwa kama ridhaa. Mtu anaambiwa "ni dampo la kisasa, halinuki". Linanuka jamani. Dampo la kisasa linanuka kidogo kuliko jalala, ila linanuka, na ukimdanganya mtu kwenye hilo moja hata la kweli hatakuamini.

Mimi ningekuwa na sauti ningetaka eneo lote la hekta 225 linunuliwe siku ya kwanza, sio zile 25. Watu wanaruka, hela iko wapi! Ila mashamba ya pembezoni bei yake haitakuwa chini kuliko ilivyo leo, mwaka wa kumi ukitaka kuhamisha nyumba mia tatu zilizojengwa kwenye kinga utalipa nyumba, sio mashamba. Na hizo hekta 200 sio za kukaa bure, panda miti ya mbao ambayo inakata upepo, kodisha kwa watu wanaofyatua tofali, chukua udongo wa kufunikia humohumo. Ardhi yenye shughuli ina macho. Ardhi iliyoachwa tu na kibao cha "usijenge hapa" itavamiwa kabla rangi ya kibao haijakauka.

Tuseme yote umefaulu, eneo limepatikana, wenyeji wameridhika, mfinyanzi umeshindiliwa. Hapo bado hujapata dampo la kisasa, umepata shimo zuri. Kinachofanya dampo liitwe dampo la kisasa ni kazi ya kila siku: lori linapimwa kwenye mizani getini, linaelekezwa pa kumwaga, buldoza linasambaza taka tabaka kwa tabaka na kuzikanyaga, jioni zinafunikwa na udongo wa sentimita 15. Hayo yalishafanyika Fresno kule California tangu 1937, chimba, shindilia, funika kila siku, na lile dampo likawa mfano ulioigwa. Chekesho ni kwamba mwaka 1989 liliwekwa kwenye orodha ya Marekani ya maeneo machafu yanayotakiwa kusafishwa, alafu 2001 likapewa hadhi ya alama ya kihistoria ya taifa. Vyote viwili kwa wakati mmoja! Walijua kufunika, hawakujua bado ya kutandika chini.

Buldoza likikosa dizeli wiki mbili, mlima unaanza. Taka hazijashindiliwa, hazijafunikwa, mvua inaingia, gesi ya metheni inatengenezwa ndani, cheche moja moto unawaka chini kwa chini na unaweza kuungua miezi. Kiteezi pale Kampala lilianza 1996 kama dampo lililosanifiwa, halikuanza kama jalala la kiholela. Likajaa, likaendelea kupokea, mji ukalifikia, Agosti 2024 likaporomoka baada ya mvua na kuua watu zaidi ya 30. Ndo maana nikisikia mji umepata msaada wa kujenga dampo huwa nauliza kwanza, dizeli ya mwaka wa tano iko kwenye bajeti ya nani?

Hiyo metheni nayo inahitaji neno. Taka za kuoza zikikosa hewa zinatoa gesi ambayo karibu nusu ni metheni, nusu kabonidayoksaidi, na metheni inapasha joto dunia takriban mara 28 ya kabonidayoksaidi ukihesabu kwa miaka 100. Madampo makubwa yanaifyonza kuzalisha umeme, kwa mji wa tani 100 kwa siku mara nyingi hailipi. Kuna njia ambayo naona inafaa zaidi miji yetu midogo kwa udogo wake, iliyobuniwa Fukuoka kule Japani miaka ya 1970: unatandaza mabomba makubwa yenye matundu chini ya taka, ncha zake unaziacha wazi upande wa bwawa, na unasimamisha mabomba ya kutolea gesi kwenda juu. Ndani ya taka kuna joto, hewa ya moto inapanda, hewa safi inavutwa kupitia mabomba ya chini, taka zinaoza zikiwa na hewa, metheni inapungua na yale maji yanatoka yakiwa na nafuu. Hakuna feni wala umeme, na baadhi ya maeneo wametumia mianzi na mapipa kwenye zile nguzo za gesi.

Najua kuna anayesubiri kuuliza, kwa nini tusichome tukapata umeme, mambo yaishe? Kwa sababu huwezi kuwasha jiko kwa kuni mbichi. Taka ambazo zaidi ya nusu ni maganda yaliyolowa hazina joto la kutosha kujiunguza zenyewe, utaongeza mafuta kuchoma maji. Na majivu yanayobaki yanahitaji dampo pia. Kwa mji mkubwa wenye taka kavu nyingi na hela ya vichujio vya moshi ni mjadala mwingine.

Kupunguza ndo sehemu tamu. Ukiondoa zile za kuoza kabla hazijapanda lori, ile hesabu yote ya juu inabadilika, maji yanapungua, gesi inapungua, harufu inapungua, trip zinapungua, dampo la miaka 20 linaweza kwenda 30. Surabaya kule Indonesia walibanwa hivyo, dampo lao la Keputih lilifungwa 2001 kwa upinzani wa wakazi na taka zikarundikana mjini, baadaye wakasambaza maelfu ya vikapu vya kutengenezea mboji majumbani bure, wakajenga na vituo vya mboji mitaani, taka zinazofika dampo zikapungua kwa zaidi ya asilimia 20 ndani ya miaka michache. Hawakuanza na mtambo mkubwa. Mitambo mikubwa ya mboji inayopokea taka zilizochanganywa huwa inaishia kutoa mboji yenye vioo na vipande vya mifuko ambayo hakuna mkulima atakayeigusa.

Ila kutenganisha kunakufa kwa kitu kidogo sana. Mama amehangaika wiki nzima, ndoo ya maganda huku, ndoo ya chupa na karatasi kule, lori linakuja, kijana anabeba ndoo zote mbili anazimwaga sehemu moja mbele ya macho yake. Siku hiyohiyo kampeni imeisha kwenye nyumba ile na kwa majirani wawili aliowahadithia. Kwa hiyo usimwambie mtu atenganishe kabla hujapata lori la pili, au hujapanga siku ya maganda na siku ya vikavu. Rahisi kuliko yote ni kuanza na soko, pale maganda na majani yanatoka kwa tani, yameshajitenga yenyewe, na mkataba ni na watu wachache.

Na waokota taka tusiwafukuze kwa uzio wa dampo jipya kana kwamba ni wezi. Wao ndo wanaotoa chuma, chupa na maboksi bila mshahara wa mtu, na dampo likihama kwenda kilomita 20 wanakatika mkate siku moja. Wapewe nafasi kwenye kituo cha kuhamishia, kwenye jukwaa lenye paa, wachague pale kabla mzigo haujabanwa. Mahali ambapo wanaachwa waokote mbele ya buldoza, ajali ni suala la muda tu.

Siku dampo jipya linafunguliwa kila mtu anahamishia macho kule, lile korongo la zamani linasahaulika wakati bado linachuruzika. Miteremko yake inatakiwa ilazwe, ifunikwe mfinyanzi na udongo wa kupanda nyasi, mitaro ichimbwe, na pembeni viwekwe visima vyembamba vya kuchotea sampuli, kimoja upande wa juu ambako maji ya ardhini yanatokea na viwili vitatu upande wa chini yanakoelekea. Dampo jipya nalo liwe na visima vyake hivyohivyo, na sampuli ya kwanza ichotwe KABLA lori la kwanza halijamwaga, majibu yabandikwe ofisi ya mtaa pale wenyeji wanapoyaona. Bila karatasi hiyo, siku mkulima akija na chupa ya maji ya kahawia kutoka kisimani kwake ataambiwa yalikuwa hivyohivyo tangu zamani.